Kinga isiyosogea: shajara ya mradi wa baiskeli ya ndani, Lubumbashi

Jumapili, 8 Juni 2025

Tumerudi kutoka Kipushi kabla ya saa nne asubuhi. Tuliondoka watano, tumerudi watano, na kwa barabara ile hilo ni la kushukuru Mungu. Kilomita 30 kwenda, 30 kurudi. Baridi ya Juni ilituuma vidole hadi jua lilipopanda, kisha vumbi la kandokando likaamka, kila lori likawa linapita na wingu lake. Lori moja lilimsukuma mdogo wetu nje ya lami. Hakuanguka. Alisimama kwenye nyasi, akashika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayemzuia mbuzi asitoroke, akakaa kimya. Tulipofika kwangu, hata helmeti hajavua, akaniuliza: "Yaya, kwani hatuwezi kukimbizana ndani ya nyumba kama bale bantu ba kwenye simu?" Yaya kwetu ni kaka mkubwa, bale bantu ni wale watu.

Swali hilo ninalo tangu mwaka jana. Kazi huniachia saa kumi na moja na nusu jioni, na saa kumi na mbili giza limeshaingia. Siku ya kuendesha inabaki Jumapili peke yake, na kuanzia Novemba mvua nayo hudai Jumapili zake. Mtu anayeendesha mara moja kwa juma habaki na miguu ya mwendeshaji, hubaki na kumbukumbu tu.

Papa, mkubwa wa kikundi chetu, fundi mitambo mstaafu wa migodini, alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Kinga yenye haisogei ni mashini ya kushona," akasema. Kinga kwetu ni baiskeli.

Basi huu ndio mradi. Kabla mvua za kwanza hazijanyesha, chumba changu cha nyuma kiwe na mahali ambapo yeyote kati yetu watano anaweza kupanda baiskeli na kushindana na watu kupitia intaneti. Na mimi nitaandika humu, bila kupendelea, ni kipi kinanivuta zaidi, ndani au nje, na kwa nini.

Alhamisi, 19 Juni

Papa aliyecheka ndiye wa kwanza kuchukua kalamu. Treina mpya za dukani, yaani mashine za kukanyagia baiskeli ndani ya nyumba, hatuziwezi kwa sasa, lakini rulo tunaziweza. Rulo ni mapipa matatu ya chuma ndani ya fremu: mawili hubeba gurudumu la nyuma, moja hubeba la mbele, na mkanda huunganisha pipa la nyuma na la mbele ili magurudumu yote mawili yazunguke kwa pamoja. Baiskeli haifungwi popote. Unakaa juu yake kwa mizani yako mwenyewe, kama barabarani.

Tumekata bomba la inchi nne, ambalo kwa nje lina milimita 114. Vifuniko vya pembeni, ekseli ya milimita 20, beringi namba 6204. Mimi nilitaka tuchomelee tuondoke. Papa akakataa, akanipigia hesabu ubaoni kwa chaki. Mzunguko wa pipa ni sentimita 36 hivi. Ukiendesha kilomita 30 kwa saa, pipa linazunguka karibu mara 1,400 kwa dakika. Bomba lililokosa duara kwa milimita moja tu, kwa kasi hiyo, litakutetemesha meno. Kwa hiyo kila pipa limepita kwenye mashine ya kukereza kwa rafiki yake wa Kenya, komini ya hapa hapa mjini, nusu siku nzima, na vumbi la chuma bado limo kwenye nywele zangu.

Sikuwahi kumwona Papa ana furaha hivi tangu alipostaafu.

Jumamosi, 28 Juni

Nimeanguka mara tatu. Mara mbili upande wa ukuta, mara moja upande wa kabati la mama watoto, na hiyo ya tatu ndiyo iliyonigharimu maelezo marefu.

Siri niliionyeshwa na Papa: weka baiskeli katikati ya mlango, shika fremu ya mlango kwa kiwiko, anza kukanyaga kwa kasi kabla hujaachia, na macho yaangalie mbele, si kwenye gurudumu. Ukiangalia gurudumu, unaanguka. Mwendo ndio unaokushikilia. Baada ya dakika kumi hivi mabega yalilegea, na sauti ya mapipa ikawa moja, ndefu, kama mtu anayesaga unga mbali. Ukikanyaga kwa kushtukashtuka, baiskeli inayumba papo hapo. Ukikanyaga duara kamili, inatulia. Miaka yote barabarani sikujua kuwa mguu wangu wa kushoto ni mvivu.

Papa naye alipanda, na suruali yake ya kazini. Dakika nne bila kuyumba. Hakusema neno juu ya mashini ya kushona.

Jumanne, 8 Julai

Sensa ya kasi imefika. Ni kidude kidogo kinachofungwa kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma na kuzungumza na kompyuta kwa Bluetooth. Kompyuta ni ya kazini, programu ni Zwift, iliyoanzishwa mwaka 2014 na makao yake yapo Long Beach, California. Ukikanyaga, sanamu yako inaendesha kwenye kisiwa cha kubuni kiitwacho Watopia. Kina volkano, msitu, na barabara inayopita chini ya bahari.

Niseme ukweli wa usiku wa kwanza. Mandhari yalinichosha haraka. Volkano ya rangi ni volkano ya rangi. Kilichonifanya nisahau muda ni mgongo wa mtu. Mbele yangu alikuwapo mwendeshaji wa Ureno, bendera yake kando ya jina, akienda kasi kidogo kuliko mimi. Mtu kamili, mahali fulani, anatoka jasho muda uleule. Nikaongeza nguvu nimfikie. Nilipofika nyuma yake, kazi ikapungua, maana programu huhesabu pia kinga ya upepo: aliye nyuma ya mwenzake hutumia nguvu kidogo kwa kasi ileile, kama kwenye lami. Tulikwenda hivyo hadi akageukia njia nyingine. Sikumjua, hakunijua, na nilihuzunika alipogeuka.

Saa moja nzima sikuiona ikipita. Barabarani saa moja ya upweke naihesabu dakika kwa dakika.

Jumatano, 16 Julai

Mashindano ya kwanza, na matokeo yangu hayakuhesabiwa. Sababu ni sahihi. Kwa sensa ya kasi peke yake, programu inakisia wati, yaani nguvu ya miguu, kutokana na mzunguko wa gurudumu, na mapipa ya Papa ni mepesi mno. Kwenye skrini nilikuwa bingwa, miguuni nilikuwa natembea. Ushindani bila kipimo cha haki hauna ladha. Nimeandikia binamu yangu wa Johannesburg.

Jumapili, 10 Agosti

Treina imefika. Ya mtumba, dola 350, imesafiri kwa barabara kupitia Zambia hadi Kasumbalesa, ikakaa mpakani siku tano kwa sababu hakuna aliyejua ni kitu gani. Niliitwa kueleza. Nilionyesha video. Afisa mmoja akauliza kama inasaga mahindi.

Kwenye hii unalitoa kabisa gurudumu la nyuma. Mnyororo unazungusha moja kwa moja gurudumu zito la ndani. Sumaku ndiyo inayoleta ugumu, na programu ndiyo inayoiamuru sumaku: skrini ikionyesha mlima, kanyagio linakuwa zito. Hupima wati za kweli, si za kukisia.

Leo jioni nimefanya jaribio la dakika 20. Taratibu yake inajulikana: unaendesha kwa nguvu yote unayoweza kuidumisha kwa dakika 20, unachukua asilimia 95 ya wastani, na hiyo ndiyo makadirio ya nguvu yako ya saa moja. Nimepata wastani wa wati 221, yaani 210. Kisha nikaenda kujipima kwenye mizani ya duka la unga, viatu nje, mifuko mitupu: kilo 74. Gawanya: wati 2.84 kwa kila kilo. Kwa mgawanyo uliozoeleka wa Zwift, chini ya 2.5 ni kundi D, kuanzia hapo hadi 3.2 ni C, hadi 4.0 ni B, juu yake ni A. Mimi ni C. Miaka kumi ya kuendesha, na kwa mara ya kwanza najua niko wapi.

Uzito huo nimeuandika kama ulivyo. Ipo njia fupi, wapo wanaojipunguzia kilo kwenye fomu ili wapande milima kwa wepesi. Katika mashindano makubwa uzito huhakikiwa. Hapa kwangu ninayejihakiki ni mimi na mwenye duka la unga.

Alhamisi, 14 Agosti

Suala la umeme. Mbio nyingi nzuri huanza saa moja jioni, saa ambayo Wazungu wametoka kazini. Majira ya joto saa za Ulaya ya kati na zetu zinalingana. Bahati mbaya ndiyo saa ileile mtaa wote unapika bukari, yaani ugali, na delestaji, mgao wa umeme, inatupitia. Umeme ukikatika, sumaku inaachia, miguu inazunguka hewani, skrini inazimika, na kundi linaendelea na safari.

Hesabu: kompyuta wati 60, feni 50, treina 30, modemu 10. Jumla 150. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya madini ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo nina 600. Ondoa upotevu wa inverta, inabaki kama saa tatu na nusu. Mbio ni saa moja. Inatosha, na inabaki taa ya watoto kusomea.

Feni si anasa, niandike hilo kwa herufi kubwa kama ningeweza. Mwili wa mwendeshaji hugeuza takriban robo tu, au pungufu, ya nguvu yake kuwa mwendo. Iliyobaki ni joto. Mtu anayetoa wati 200 kwenye kanyagio anatoa joto la wati 600 na zaidi, kama pasi ndogo inayofanya kazi mfululizo. Barabarani upepo wa mwendo wako unalichukua joto hilo. Chumbani linabaki nawe. Juzi bila feni nilifika dakika ya 25 nikaona nyota.

Chini ya treina nimeweka vipande vya tairi la lori. Kelele imepungua, na fremu inacheza kidogo kulia na kushoto, jambo ambalo makalio yanalishukuru. Baiskeli iliyokazwa kama msumari inachosha kuliko kilomita.

Jumanne, 26 Agosti

Mbio ya kweli ya kwanza. Kundi C, watu 64, kilomita 28.

Nilidhani itaanza kama tunavyoanza sisi Jumapili, kwa salamu na kuulizana habari za watoto. Dakika ya kwanza nilikuwa kwenye wati 340 na bado wananipita. Baadaye nimeelewa: huko ndani hakuna anayeogopa kuanguka, kwa hiyo wote wanaondoka kama risasi, na atakayeachwa na kundi la kwanza hatalirudia, kwani akiwa peke yake anakata upepo peke yake. Lazima uwe umeshapata joto, na uwe unakanyaga kabla saa haijafika sifuri.

Nililishika kundi la pili kwa kucha. Watu 14 hivi. Na hapo ndipo lilipoanza jambo ninalotaka kulieleza vizuri. Kulikuwa na Mjapani, kwake saa nane za usiku. Mwanamke wa Brazili, kwake mchana. Wadenmark wawili ambao kila tukifika kwenye kilima walibadilishana kuongoza. Hatukuwa na sauti wala sura. Lakini baada ya nusu saa nilijua tabia ya kila mmoja. Mjapani hashambulii, anafuata tu. Mbrazili akikaribia kilele anaongeza nguvu hatua 200 kabla. Wadenmark wanachoka kwa pamoja. Mimi nao tulikuwa wa kimo kimoja, na huo ndio msamiati mzima wa furaha yangu. Hapa Lubumbashi, kati yetu watano, mdogo wetu ananiacha kila mara na mwalimu ninamwacha kila mara. Tunapendana, tunasubiriana kwenye njia panda, lakini hatushindani. Katika miaka kumi sijawahi kuendesha dakika 40 na watu 14 ambao yeyote kati yao ningeweza kumshinda na yeyote angeweza kunishinda.

Yapo mambo ya mchezo pia. Ukipita chini ya tao unapewa zawadi: unyoya unaokupunguzia uzito kwa sekunde chache, au gari linalokuongezea kinga ya upepo. Mwanzoni niliyaona ya kitoto. Kisha nikatumia unyoya kwenye kilima cha mwisho, nikampita Mdenmark mmoja.

Nafasi ya 23. Nilishuka nikakaa sakafuni. Mama watoto alifungua mlango akaona dimbwi la jasho chini ya baiskeli, akauliza nani amekufa.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimemweleza Papa historia aliyoipenda. Mashindano ya kwanza ya dunia ya baiskeli za mtandaoni chini ya UCI, shirikisho la baiskeli duniani, yalifanyika tarehe 9 Desemba 2020, Watopia. Upande wa wanaume alishinda Jason Osborne wa Ujerumani, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga makasia. Mwaka uliofuata alipata medali ya fedha ya makasia kwenye Olimpiki ya Tokyo. Upande wa wanawake alishinda Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini, mwendeshaji wa barabarani kwelikweli. Kisha yupo Mwaustralia Jay Vine, aliyepata mkataba wa timu ya kulipwa kwa kushinda mchujo wa Zwift, na mwaka 2022 akashinda hatua mbili za Vuelta, mbio kubwa za Uhispania, milimani, kwenye lami na mvua.

Papa akafikiri. "Mupiga makasia ana miguu na mapafu," akasema. "Lakini kona haijui. Ule wa Australia alipaswa kujifunza kona." Ni kweli. Mashine inapima injini. Dereva inamwachia barabara.

Jumapili, 7 Septemba

Leo tulienda barabara ya Kasenga. Asubuhi ile ni ya watu wa makala, yaani wauza mkaa. Wanaingia mjini tangu alfajiri, kila kinga imebeba magunia hadi mwenye kinga haonekani, moja kulia, moja kushoto, mengine juu, na fimbo imefungwa kwenye usukani ili aweze kuisukuma akitembea pembeni. Kwenye mteremko wanapanda na kuteleza, breki ni kandambili kwenye tairi. Sisi na kaptula zetu tunapita upande wa pili, tunasalimiana.

Kijana mmoja mnyororo ulimkatikia. Tulisimama, mimi nina kifaa cha kukatia pini, tukaunganisha. Akauliza kwa nini kinga zetu hazibebi kitu. Mdogo wetu akamwambia ya ndani ndiyo haibebi wala haiendi. Akacheka, akataka kuiona. Alipomaliza kuuza, saa nane mchana, alikuja kweli, amenawa uso, shati limekunjwa mikono.

Tulimshushia tandiko, tukamfungia kanyagio za kawaida. Nikamwambia: dakika 20, kama unasukuma magunia manne na mvua inakuja nyuma yako. Hakuuliza swali.

Hakusimama kwenye kanyagio hata mara moja. Uso haukubadilika. Dakika ya tano nilidhani treina imeharibika, nikaangalia waya. Dakika ya kumi Papa alivuta kiti akakaa mbele yake. Wastani: wati 215, asilimia 95 yake ni 204. Tukampeleka dukani kwa mizani: kilo 59. Nimefanya hesabu mara mbili, 3.46 kwa kilo. Kundi B. Mtu ambaye hajawahi kuvaa kaptula ya baiskeli, aliyekuwa njiani tangu saa tisa za usiku na mzigo, amenipita kwa kundi zima.

Nimekaa na jambo hili jioni yote. Kwenye barabara ya Kasenga nimempita kijana huyu pengine mara hamsini, na kila mara nilijiona mimi ndiye mwendeshaji. Lami ilinionyesha magunia. Mashine imenionyesha mtu. Sitaisahau siku hii, na kama mradi huu ungekoma leo ningesema umelipa dola zake.

Naye alikuwa na maswali yake, na yalikuwa bora kuliko yangu. Alipoona wenzake kwenye skrini akauliza: "Yaya, aba bantu beko wapi sasa?" Nikamwambia, kila mmoja kwake, Polandi, Chile, Kanada. Akanyamaza. "Na beko na bakanyaga kwa bukweli?" Kwa kweli kabisa. Akauliza tena mbona upepo haupo. Nikamwashia feni. Akatikisa kichwa, hapana, upepo wa mbele, ule unaokuambia mvua iko upande gani. Huo sina.

Jumapili, 28 Septemba

Leo hatukuendesha, tulikaa mbele ya televisheni: mbio za dunia za barabarani, Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara letu. Kilomita 267.5, vilima juu ya vilima, Tadej Pogačar akaondoka mapema akabaki peke yake hadi mwisho. Waliomaliza walikuwa wachache. Kijana wa makala alikuwa nasi. Aliangalia jinsi wanavyoshikilia usukani kwenye mawe ya kupanda, hakuangalia nani anaongoza.

Jumamosi, 11 Oktoba

Lubumbashi ni tambarare. Mlima wetu ni terrili, lile rundo jeusi la mabaki ya kuyeyushia shaba kando ya bomba refu la moshi, na hakuna anayeruhusiwa kuupanda kwa baiskeli. Kwa hiyo kupanda mlima mrefu ni kitu ambacho sisi hatukuwa nacho hadi treina hii.

Leo nimepanda Alpe du Zwift. Umenakiliwa kutoka Alpe d'Huez ya Ufaransa, ule ambao Fausto Coppi alishinda mara ya kwanza Tour de France ilipomalizia huko, mwaka 1952. Kona 21, kilomita 12.2, kupanda zaidi ya mita 1,000. Saa moja na dakika 18. Hakuna mpinzani aliyenihusu. Kila kona ilikuwa mimi na namba yake. Kuanzia kona ya saba sikuangalia tena skrini, niliangalia kitambaa kwenye usukani.

Jambo moja la mwili: mapafu yangu yako mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Barabarani hewa nyepesi hukunyima pumzi lakini hukulipa kwa upinzani mdogo. Mchezo hauhesabu hewa ya mahali ulipo. Unalipa, hulipwi. Silalamiki, naandika tu ili atakayejenga yake Lubumbashi asishangae namba zake.

Na kitu kimoja cha roho. Nilifika kileleni, skrini ikapiga fataki, nikashuka, nikafungua dirisha. Nje palikuwa uwanja wetu, kamba ya nguo, mtungi wa maji. Sikuwa nimefika popote. Nilipofika Kipushi mara ya kwanza, miaka ile, nilikunywa munkoyo kwa mama mmoja chini ya mwembe, na nilijua nimekuja kwa miguu yangu hadi mahali ambapo watu wanaishi tofauti kidogo. Hiyo Alpe haikunipa. Ilinipa miguu.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua zimefungua. Chumba cha nyuma kinafanya kazi usiku wa Jumanne na Alhamisi, kwa zamu. Tangu Ulaya warudishe saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba, mbio za saa moja zimekuwa za saa mbili kwetu, na hilo limetusaidia, umeme unarudi kabla ya hapo mara nyingi. Mdogo wetu anajaribu MyWhoosh, ambayo haitozi ada. Ndiyo iliyobeba mbio za dunia za mtandaoni za 2024, fainali ikafanyika Abu Dhabi, na Osborne yule wa makasia akashinda tena. Mimi nabaki Zwift mwezi huu kwa sababu Mjapani wangu yuko huko. Tumekutana mara nne.

Sasa nimejibu swali la Juni, kwa upande wangu. Ndani kinanivuta kimoja: wapinzani wa kimo changu, usiku wowote, bila kumwomba mtu ruhusa wala kuhatarisha shingo. Si skrini, si visiwa, si hata mazoezi. Ukiniondolea watu wale, nitaiuza treina kesho. Nje kinanivuta kila kingine. Jumapili iliyopita, baada ya mvua ya usiku, barabara ya Kipushi ilikuwa imeoshwa, vumbi halipo, na niliona kuwa miguu ya Alpe imekuja nayo: kwenye kilima cha kati sikuachwa. Lakini mikono ilikuwa imesahau. Nilichelewa kuona shimo lenye maji, breki zikanishtua. Miezi mitatu ya kushindana bila breki inaondoa kitu vidoleni. Nimejiwekea sharti: kwa kila mbio mbili za ndani, safari moja ya nje, hata fupi, hata kwenda sokoni.

Papa bado haingii mbio. Anapenda rulo zake. Huja Alhamisi saa kumi na moja, anapanda dakika 20 mlangoni, macho mbele, bila skrini, kisha anakaa kuwatazama wengine na kuwasahihisha mguu wa kushoto.

Yaliyobaki: beringi ya pipa la mbele imeanza kulia, ibadilishwe. Betri ya pili, mwalimu ameahidi nusu ya bei. Helmeti ya kijana wa makala imepatikana, ya rangi ya chungwa, kubwa kidogo. Mama watoto anaishonea sifongo ndani. Amesajiliwa kwa jina lake na bendera ya Kongo, kundi B, Jumanne ijayo saa mbili. Amesema atauza mapema siku hiyo, ili alale kidogo.